Ukitoka Tanga kwenda kuona ndege za kivita: Maktau, Johannesburg na Pretoria, au London?

Kijana wa Chumbageni anayependa ndege, mwalimu wa historia anayetafuta pa kupeleka wanafunzi, mstaafu wa bandari ambaye mwanawe yuko ng'ambo na anamwita akapumzike: wote huuliza swali moja. Makumbusho mazuri ya ndege za kivita yako wapi, na mtu wa Tanga aanzie yapi? Jibu wanalopewa mara nyingi ni London, kwa kuwa ndiko ndege ziliko nyingi. Kwa watu wengi mimi sikubaliani nalo. Naziweka hapa safari tatu bega kwa bega, kila mtu achague inayomfaa: safari fupi ya Maktau, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, safari ya Johannesburg na Pretoria, na safari ndefu ya London.

Niseme kwanza napima kwa kipimo gani. Historia ya ndege ya kivita ina watu wa aina mbili, aliyekuwa juu akiirusha na aliyekuwa chini ikimpita kichwani. Makumbusho karibu yote yamejengwa na watu wa juu. Utasoma jina la rubani, nguvu ya injini, mwendo wa ndege na mara ngapi ilitumwa vitani, lakini wa chini humwoni. Sisi wa mwambao huu, tangu Vita Kuu ya Kwanza, tulikuwa chini. Kwa hiyo napenda mahali ambapo mtu wa Tanga anaingia na habari zake mwenyewe, anaona chuma chenyewe kwa macho, kisha anatoka akiwa anazijua vizuri zaidi pande zote mbili.

Tanga kwanza, hata kama hakuna ndege

Hapa mjini hakuna ndege ya kivita ya kutazama. Lakini anayeiruka Tanga atakwenda kuona ndege bila kujua zilitafutiwa kazi gani. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Jenerali Arthur Aitken alileta kikosi cha Waingereza na Wahindi wapatao 8,000, wakashukia upande wa Raskazone. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baadhi walishuka kwa treni kutoka upande wa Moshi wakati meli za Waingereza zimeshafika bandarini. Aitken hakuwa na ndege hata moja. Hakujua adui ni wangapi, wamejipanga wapi, wala treni zimeteremsha nini usiku. Watu wake wakaingia mashambani na vichakani, wakapigwa kwa bunduki za rasharasha, nyuki wakachokozeka na kushambulia kila aliyekuwepo, na tarehe 5 walionusurika walikuwa wanarudi melini, bunduki na risasi zao kwa malaki zimebaki ufukweni.

Litembee eneo lile kwa miguu, nusu siku inatosha. Anzia Raskazone, njoo na Bombo, fika kwenye mkato wa reli ambako mapigano yalipamba moto, kisha ingia makumbusho ya Urithi ndani ya Boma la Wajerumani ukaone picha za kale za mji. Yapo pia makaburi ya waliokufa katika vita ile, Wahindi na Waingereza. Ukisimama pale relini na kutazama kuelekea baharini, utaona jinsi kamanda aliyeko melini asivyoweza kujua lolote linaloendelea huku juu. Hapo ndipo jicho la angani lilipokosekana.

Wenzetu wa Bagamoyo wana magofu yao, misheni yao na Boma lao, na mji wao nao ulitekwa kutoka baharini Agosti 1916. Anayeishi huko asijione ameachwa. Ila kwa habari ya ndege hasa, uzi mrefu unaanzia Tanga na kuelekea kusini, Mafia.

Mwezi uleule wa Novemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walimchukua rubani wa kiraia, H. D. Cutler, wakamleta na ndege yake ya majini aina ya Curtiss hadi kisiwa cha Niororo, jirani na Mafia. Joto na unyevu viliitafuna ndege ile. Rejeta yake ilipokufa ikatafutwa rejeta ya gari la Ford, Mombasa, ikafungwa kwenye injini. Kwa ndege hiyo iliyounganishwa na kifaa cha gari, Cutler aliiona manowari kati ya mikoko, wiki chache tu baada ya bunduki kunyamaza Tanga. Desemba ndege ilishuka mtoni kwa hitilafu, naye akakamatwa. Mwaka uliofuata, ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey mpaka Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Yote haya yametokea kwetu, na mwanafunzi wa Tanga anastahili kuyajua kabla hajaonyeshwa ndege ya mtu mwingine.

Maktau: kiwanja kipo, ndege hazipo

Maktau ni kituo kidogo kwenye njia ya Voi kwenda Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walitandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea mpaka wa koloni la Wajerumani, na Maktau ikawa kambi kubwa yenye kiwanja cha ndege, miongoni mwa viwanja vya mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Ndege za jeshi la majini zilitangulia. Baadaye kikaja Kikosi cha 26 cha ndege, kilichoundwa Uingereza Oktoba 1915 kwa watu wa Afrika Kusini na kufika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916. Kikosi hicho kilifanya kazi kwenye njia hiyohiyo ya reli, kisha kikalifuata jeshi la Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini lilipoingia upande wa Kilimanjaro na kuendelea kusini hadi Morogoro.

Ukifika leo huoni bawa wala injini. Unaona ardhi nyekundu, mabaki ya maboma na mahandaki, makaburi ya wanajeshi wa Kihindi yaliyotunzwa vizuri, na mbele zaidi, karibu na Taveta, mlima Salaita ambako Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma na askari wa Lettow. Kwenye hoteli ya kitalii ya Taita Hills kuna chumba cha kumbukumbu za vita hivyo. Njiani, ukipitia Mombasa, Fort Jesus ina mzinga uliotoka kwenye Königsberg yenyewe. Mizinga ya manowari ile iliopolewa ikaburuzwa nchi kavu na kutumika tena vitani, na huo unaweza kuusogelea.

Kwa nini basi nimeiweka Maktau kwenye orodha ya mpenda ndege? Kwa sababu ya hewa. Fika pale saa saba mchana, usimame juani. Ndege za kikosi kile, BE2c, zilikuwa fremu ya mbao iliyovishwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na injini ya nguvu farasi kama 90, ambayo leo ni injini ya gari dogo la familia. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini haipumui vizuri, kwa hiyo ndege iliyopanda bila taabu alfajiri ilikuwa inakokota tumbo mchana. Mbao zilipinda, gundi ikaachia, kitambaa kikalegea. Marubani waliruka mapema, wakarudi jua halijawa kali, na mafundi wakashinda wakikaza waya mmoja mmoja. Ukiyajua haya, siku utakapoiona ndege ya zamani ndani ya jengo lenye baridi ya viyoyozi, hutaidharau.

Na kwa wale wa chini, porini kule ndiko chakula na risasi vilikokwenda kwa vichwa vya wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa katika vita ile, wengi bila kaburi lenye jina. Ndege ilipiga picha na kurudi kambini. Mpagazi ndiye aliyetembea hadi mahali palipopigwa picha.

Njia ni rahisi. Panda basi la Mombasa kupitia Horohoro na Lungalunga, kisha kutoka Mombasa treni ya SGR ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, itakushusha Voi. Mwenye gari lake anaweza kupita Korogwe na Same mpaka Holili, akavukia Taveta. Beba pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani mpakani huulizwa. Jambo moja usilidharau: eneo lile limepakana na hifadhi ya Tsavo, tembo na simba ni wa kweli, hivyo tafuta mwenyeji wa Taita akuongoze. Wapo wanaozijua ngome zile kwa majina na masimulizi ya babu zao.

Johannesburg na Pretoria

Hapa ndipo ninapoweka uzito zaidi, na nitakaa kidogo.

Smuts aliyechukua uongozi wa vita yetu Februari 1916 ndiye aliyefungua makumbusho ya vita ya Saxonwold, Johannesburg, mwaka 1947 akiwa waziri mkuu. Leo yanaitwa makumbusho ya taifa ya historia ya kijeshi ya Ditsong, na yamepakana na bustani ya wanyama ya mji. Ndege zake si nyingi kwa kuhesabu, lakini kila moja ni nzito. Kuna DH.9, ndege ya mabomu ya mwisho wa Vita ya Kwanza, ya aina iliyotolewa na Uingereza kama zawadi ambayo jeshi la anga la Afrika Kusini lilianzia nayo mwaka 1920. Huko ndiko utakakopata picha iliyo karibu zaidi na zile za Maktau: mbao, kitambaa, waya, na kiti cha rubani kilicho wazi kwa upepo. Kuna Hurricane, Spitfire na Mosquito za Uingereza, na upande wa Wajerumani Bf 109 na Fw 190.

Halafu kuna Messerschmitt Me 262 ya usiku, yenye viti viwili, ambayo ya aina yake hasa haikubaki nyingine duniani. Jipe muda na hii. Simama mbele ya pua yake: vijiti vya antena ya rada vimetokeza mbele kama pembe, maana kazi yake ilikuwa kuwinda ndege za Waingereza gizani. Rubani alikaa mbele, msoma rada nyuma yake. Sogea ubavuni utazame injini mbili za jeti zilizoning'inia chini ya mabawa. Mwaka 1944 hakukuwa na ndege ya kivita ya jeti iliyokuwa kazini yenye mwendo kuizidi, lakini Ujerumani ilikuwa imeishiwa nikeli na kromiamu za kutengenezea chuma kinachohimili moto, hivyo injini zile zilidumu saa chache za kuruka, kumi hadi ishirini na kitu, kisha zikang'olewa. Waingereza waliiteka ndege hiyo 1945 vita vikiisha, na baadaye ikapelekwa Afrika Kusini. Kijana anayesoma ufundi wa mitambo pale VETA Tanga akipata saa moja na ndege hii atajifunza habari ya metali ambayo hakuna ubao utakaomfundisha vilevile.

Pretoria ni mwendo wa chini ya saa moja kwa treni ya Gautrain. Makumbusho ya jeshi la anga yako Swartkop, ndani ya kambi ya jeshi, kwenye kiwanja kikongwe kinachoendelea kutumika. Hapa wingi upo: Mirage, Buccaneer, Canberra, Impala, Sabre, Vampire, helikopta za Alouette na nyinginezo, baadhi ndani ya mabanda na baadhi nje juani. Mabanda yenyewe ni ya kazi, yana harufu ya mafuta na mpira, na wapo wazee waliokuwa mafundi wa jeshi wanaofurahi kuulizwa. Nenda na kitambulisho au pasi, piga picha pale tu unaporuhusiwa, na uliza mapema siku za kufunguliwa, kwa sababu kambi ni kambi.

Sasa hapa Mtanzania asipite kama mtalii wa kawaida. Ndege hizo si za vita vya babu zetu tu. Tarehe 4 Mei 1978, Canberra na Buccaneer za jeshi lile ndizo zilizotangulia kuishambulia Cassinga, kambi ya Wanamibia wa SWAPO kusini mwa Angola, kabla ya askari wa miavuli kushushwa. Watu zaidi ya 600 walikufa, wakiwemo wanawake na watoto. Nchi yetu wakati huo ilikuwa nyumbani kwa wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. ANC walikuwa Kongwa, baadaye wakawa na shule yao Mazimbu, Morogoro. FRELIMO walikuwa na kambi Nachingwea na shule Bagamoyo. Watu wa Bagamoyo walikaa mtaa mmoja na vijana wa Msumbiji waliojua sauti ya ndege ina maana gani.

Ukisimama mbele ya Canberra pale Swartkop, kibao kitakueleza injini, mwendo na uzito wa mabomu. Kisome chote, kina mengi ya kufundisha. Kisha siku hiyohiyo panda kilima cha Salvokop, uingie Freedom Park, ambako kuna ukuta wa majina ya waliokufa katika vita na mapambano mbalimbali ya nchi ile, wapigania uhuru wakiwemo. Mji mmoja, siku moja, umeiona ndege na umewasoma waliokufa. Katika safari zote tatu hapa ndipo pande mbili zinapokaribiana kiasi hiki, na ndiyo sababu kubwa ninayowapendekezea watu Gauteng, yaani jimbo lenye Johannesburg na Pretoria, kabla ya London.

London

London nayo ipewe haki yake. Makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, yako Hendon, kaskazini mwa mji, hatua chache kutoka kituo cha treni cha Colindale, na kuingia ni bure. Mkusanyo wake Gauteng haiufikii. Kuna Lancaster, ndege ya mabomu yenye injini nne, yenye namba R5868, iliyochorewa alama za mashambulizi 137. Simama chini ya tumbo lake lililofunguliwa utazame mahali mabomu yalipotundikwa, kisha ujiulize kuhusu miji iliyokuwa chini. Kuna Halifax iliyopigwa 1942 ikatua juu ya barafu ya ziwa Norwei na kuzama, ikaopolewa 1973. Hawakuitengeneza. Wameiacha vile ilivyotoka majini, imekunjamana na kuliwa na kutu. Mimi naona hiyo inafundisha kuliko ndege kumi zilizopakwa rangi mpya. Na kuna banda la kale la Grahame-White, kutoka enzi Hendon ilipokuwa kiwanja cha ndege, lenye ndege za Vita ya Kwanza.

Uzi wetu unafika huko pia. Smuts alipotoka Afrika Mashariki alikwenda London, na mwaka 1917 aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyopendekeza jeshi la anga lisimame peke yake, lisiwe chini ya nchi kavu wala majini. RAF ikazaliwa tarehe 1 Aprili 1918. Mwaka huohuo wa 1917, Novemba, Wajerumani walimtumia Lettow-Vorbeck msaada kwa chombo cha angani, Zeppelin L59, chenye urefu wa mita 226, kilichoondoka Yambol, Bulgaria. Kiliitwa kirudi kikiwa kimeshafika Sudan, na kikatua kilikotoka baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757. Lettow hakukiona kamwe. Hizi ni habari za bara letu, lakini uende nazo kichwani, usitegemee vibao vikusimulie vita ya Tanga kwa kirefu.

Kasoro ya London kwetu ni kufika. Viza inaombwa kwa ada ya pauni, alama za vidole Dar es Salaam, taarifa za benki za miezi kadhaa, barua za kazi, na bado unaweza kunyimwa na ada isirudi. Ndege ya moja kwa moja hupati, utabadilisha Addis Ababa, Doha au kwingineko. Malazi ni ghali. Ile bure ya mlangoni inakuwa imeshalipiwa mara nyingi kabla hujafika Colindale. Anayekwenda London kwa sababu nyingine, harusi, masomo, kumwona mwana, asiondoke bila kupita Hendon. Kukata tiketi kwa ajili ya Hendon peke yake ni uamuzi mwingine. Makumbusho mengine, Duxford, karibu na Cambridge, yana ndege nyingi na baadhi bado zinaruka, ila yana kiingilio na yanakula siku nzima.

Tukiziweka pamoja

Kwa pesa, Maktau ni nafuu kupita zote: nauli ya basi na treni, malazi ya Voi, na mwongozaji. Siku tatu au nne zinatosha. Gauteng inahitaji tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam, mwendo wa saa tatu na nusu hivi angani, na mwenye pasi ya Tanzania haombi viza kwa matembezi mafupi. Hilo peke yake limewaondolea watu kichwa kuuma. Kutoka uwanja wa OR Tambo, Gautrain inakufikisha Rosebank, jirani na Saxonwold, na pia Centurion na Pretoria. Usitembee na simu mkononi barabarani usiyoijua, na usiku tumia teksi ya kuitwa kwa programu. London ni mkoba mzito na subira ndefu.

Kwa watoto, Saxonwold inashinda bila mjadala. Wakichoka na vifaru na ndege, bustani ya wanyama iko ukutani. Hendon nayo ni rafiki kwa watoto, ina nafasi na vitu vya kuchezea vya kujifunzia. Maktau haifai kwa wadogo: jua kali, vumbi, na hakuna cha kugusa. Kwa kidato cha tatu na cha nne, hata hivyo, Maktau ni darasa lisilo na mfano, hasa wakiwa wameshatembea Raskazone kabla.

Kwa fundi na mpenda mashine, Saxonwold kwa uhaba na Swartkop kwa wingi. Kwa anayetaka kuona ndege kubwa za mabomu za Ulaya na jinsi vita vya miji vilivyopiganwa, Hendon, hakuna mbadala. Kwa anayefuatilia ukombozi wa Kusini mwa Afrika, Pretoria, na asiyekwenda Freedom Park amekata safari katikati. Kwa mzee ambaye magoti yanamsumbua, Hendon na Saxonwold zina sakafu tambarare na viti. Swartkop ina mwendo mrefu juani, na Maktau ina vilima.

Kwa lugha, kote huko vibao ni vya Kiingereza, na Swartkop utakutana pia na Kiafrikaans kwenye vifaa vya zamani. Maktau ndipo pekee ambapo mwongozaji atakueleza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi wakauliza bila kuona haya. Walimu wenzangu, hili lina uzito kuliko tunavyofikiri.

Ningekuwa namshauri mdogo wangu mwenye akiba ya wastani, ningemwambia hivi: mwaka huu Tanga na Maktau, mwakani Gauteng, na London akipata sababu nyingine ya kwenda. Mwenye nafasi ya safari moja tu maishani mwake aende Gauteng, kwa mpangilio huu. Siku ya kwanza Saxonwold mapema asubuhi, akaanze na DH.9 kabla ya Me 262, ili macho yaone umbali kati ya kitambaa na jeti, miaka isiyofika thelathini. Siku ya pili Swartkop asubuhi kabla jua halijawa kali, chakula cha mchana mjini, halafu Freedom Park alasiri. Aweke daftari. Kila ndege aandike vitu vitatu: ilitengenezwa kwa nini, iliruka wapi, na nani walikuwa chini yake. La tatu kwenye vibao halimo, kwa hiyo aliulize kwa wazee wa mabandani, kwa adabu na bila woga. Walikuwepo, na wengi wao hujibu.